Kwa nini mabinti wa kwenda Omani wanapitishiwa Namanga?

#1 Kitunguu_Singida (mleta mada)
Wakuu, salama? Naomba mawazo, tena haraka kidogo.

Nina mdogo wangu wa kike, miaka 21, kamaliza fomu foo, yuko nyumbani Singida. Wiki iliyopita kanipigia simu ana furaha utadhani kashinda bahati nasibu: kapata kazi Maskati. Kaunganishwa na mama mmoja wa Arusha ambaye hajawahi kumtia machoni, wanaongea WhatsApp tu. Pasi anayo. Kaambiwa Jumapili jioni afike Arusha alale kwa huyo mama, Jumatatu alfajiri wapande Noah hadi Namanga, upande wa pili atapokelewa na "kijana wetu", waende Nairobi, akae siku mbili tatu kwenye nyumba fulani na wenzake, ndege iondokee huko.

Swali langu ni moja. Dar kuna ndege za Maskati, Zanzibar zipo. Kwa nini mtu atoke Singida akapandie ndege nchi nyingine? Huyo mama nilimuuliza, akanijibu "tiketi za huko rahisi, kaka". Hesabu yangu inakataa. Wajuzi tafadhali.

#2 Nanga_ya_Mbao
Nimetandika mkeka. Wajuzi waje.

#3 Dereva_Noah
Mimi niko barabara ya Arusha–Namanga tangu 2011, nasema ninachokiona kwenye kioo. Ni kilomita mia na kidogo, watu wanne wamebanana siti ya watatu, hakuna neno linalokupita.

Mabinti wa safari hiyo nawajua kabla hawajafungua mdomo. Wanakuja watatu au wanne, mabegi mapya ya rangi moja, lebo ya dukani bado inaning'inia kwenye mpini. Anayewasindikiza ndiye analipia nauli ya wote, na pasi zote kazishika yeye ndani ya bahasha ya kaki. Ukiwauliza wanakwenda wapi, wote wanakwenda kumsalimia shangazi Nairobi. Hao mashangazi wa Nairobi wana wageni kweli.

Kwa nini Namanga? Uwanja wa ndege binti anasimama peke yake mbele ya afisa: unakwenda wapi, nani kakualika, mkataba uko wapi. Namanga asubuhi mabasi mawili yamefika kwa mpigo, wafanyabiashara, watalii, akina yeyo wa Kimasai na shanga zao. Anayegonga muhuri hapo anakwenda Kenya. Hakuna wa kumuuliza mkataba wa Omani, kwa sababu kwa siku hiyo haendi Omani.

#4 Mhasibu_Mstaafu
Suala la tiketi rahisi tulifute. Piga hesabu: basi Singida–Arusha, Noah, gari la Namanga–Nairobi, chakula cha siku tatu, kitanda, posho ya huyo kijana. Ukijumlisha, unafuu wote umeliwa.

Dhana yangu ni hii. Anayelipa tiketi ni ofisi ya kule Ghuba, na ofisi hiyo ina mtu wake Nairobi aliyeagizwa idadi. Mama wa Arusha ni mkusanyaji, analipwa kwa kichwa. Mzigo unapelekwa ghala liliko. Sidhani kama kuna siri kubwa zaidi ya hapo.

#5 Bint_Ruwi
Assalaam alaykum. Niko Maskati mwaka wa tisa huu, Mzanzibari, nilikuja na mkataba wangu mkononi. Mhasibu, usidharau siri, ipo.

Dereva kasema nusu. Nusu ya pili ni karatasi. Mtanzania anayekuja kazi za nyumbani kwa njia iliyonyooka, mkataba wake unapitia ubalozini: jina la tajiri lipo, anapokaa papo, mshahara upo. Na wakala wa Bara anatakiwa awe na leseni, TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, ndio wanaohusika. Zanzibar tuna mlango wetu, maana mambo ya kazi si ya Muungano. Sasa wakala asiye na leseni, na tajiri asiyetaka kuandikwa mshahara, hao wawili wanakutana wapi? Wanakutana kwenye nchi ya tatu.

Human Rights Watch mwaka 2017 walitoa ripoti baada ya kuwahoji wafanyakazi wa ndani 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Omani na Emirati. Habari ni zile zile tunazozisikia hapa kila Ijumaa: pasi kushikwa, kulala saa sita usiku na kuamshwa alfajiri, mshahara pungufu ya ule ulioahidiwa. Wa njia ya pembeni akifika ubalozini analia, kwanza waanze kumtafuta yeye ni nani na kaletwa na nani. Jalada lake halipo.

Sisemi Omani yote mbaya, wallahi. Mimi niko kwa watu wema, na bibi wa nyumba hii anazungumza Kiswahili kuliko nyinyi wa Arusha.

#6 Meku_wa_Sanawari
Bint Ruwi, Kiswahili cha Arusha kimekukosea nini? Tuletee halua tuyamalize.

#7 Jirani_wa_Kajiado
Habarini. Mimi ni Mkenya, naona jina la Nairobi linapigwa mawe. Wacha niwaambie, msitusingizie. Sisi pia tumelia. Afrika Mashariki yote tulifunga njia ya wafanyakazi wa nyumbani kwenda Uarabuni 2014, mambo yakawa mabaya zaidi, tukafungua.

Dada yangu alipotaka kwenda Saudia, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia jina la ofisi kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Jina halikuwemo, tukaachana nao. Sasa fikirieni huyu msichana wa Singida. Kwenye vitabu vya Kenya yeye ni mgeni aliyekuja kutembea. Kwenye vitabu vya Tanzania alikwenda Kenya. Akipotea, nani atasema amepotelea kwake?

#8 Mwalimu_Marekebisho
Jirani, umesema vizuri ila tusahihishe. Si Afrika Mashariki yote. Kenya ndiyo iliyofunga 2014 na kufungua 2017. Uganda ilifunga Januari 2016, nayo ikafungua 2017. Na walipofunga wao, mabinti wa Kiganda walivushwa mpaka wa Busia wakapandie ndege Nairobi, mtindo ule ule wa mdogo wake mleta mada. Kwa hiyo barabara hii haikuanza kwetu. Mimi naamini marufuku ndiyo iliyowafundisha madalali njia, na hata zilipoondolewa, njia imebaki na wateja wake.

La pili, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavukiana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania haikuingia kwenye mpango huo. Kwetu ni pasi, au hati ya muda. Binti akiambiwa na kijana "kitambulisho kinatosha", ajue anapelekwa kichakani.

#9 Dereva_Noah
Hapo kichakani ndipo roho inaponiuma. Wapo wanaoteremshwa kabla ya geti, bodaboda zinawasubiri, wanazungushwa nyuma huko kwenye miti ya migunga. Binti ana pasi halali, nauli kalipiwa, kwa nini azungushwe? Nilishamuuliza kijana mmoja akanijibu "muhuri unaharibu pasi". Sikumwelewa mpaka leo.

#10 Mwalimu_Marekebisho
Pengine wanataka pasi isionyeshe alitoka lini. Au umri wake una utata. Au huyo kijana mwenyewe ndiye asiyetaka kuonekana na wasichana wanne kila wiki dirisha lile lile. Chagua mwenyewe.

#11 Mama_Dagaa
Jamani, mnawasemea wa Omani, na sisi tunaovuka kila wiki je? Mimi napeleka dagaa kutoka Musoma, Sirari hadi Isebania, mwaka wa kumi na mbili sasa. Hatari za njiani hazichagui.

Nitoe moja iliyonikuta, jina la mpaka silitaji. Nilikuwa na kadi ya manjano, ile ya homa ya manjano, imeandikwa miaka kumi. Ilipofika mwisho nikaambiwa imekufa, chanja upya au toa elfu kumi. Nikatoa elfu kumi. Safari iliyofuata, elfu kumi. Nimezitoa miaka miwili mpaka mama mmoja wa vitenge akanicheka: tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani lilishasema chanjo hiyo ni ya maisha, hata kama kadi ni ya zamani. Safari nyingine nikamwambia kijana wa dirishani hayo maneno, nikataja na mwezi. Akanirudishia kadi bila kuniangalia usoni.

Na kuna utaratibu wa Jumuiya kwa sisi wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000, bidhaa ikiwa ya Afrika Mashariki na imo kwenye orodha, unapewa cheti chepesi cha uasili palepale mpakani, ushuru wa forodha huutoi. Wengi hawajui. Wanaambiwa na wabeba mizigo kwamba getini ni ushuru mtupu, wanaingia njia za panya. Huko wanawake wawili ninaowajua walishikwa. Mmoja alinyang'anywa dagaa, na mwingine zaidi ya dagaa. Hakwenda polisi, maana angeanza kueleza alikuwa anafanya nini porini saa kumi alfajiri.

#12 Nesi_wa_Zamu
Mama Dagaa, pole kwa huyo mwenzio. Nizungumze kama nesi.

Mwanamke akifanyiwa hivyo, popote alipo, cha kwanza ni saa 72. Dawa za kumkinga na VVU zinafanya kazi zikianza ndani ya saa hizo, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. Kinga ya mimba inaweza kutolewa mpaka siku tano, nayo mapema ni bora. Nimeona watu wakizunguka siku mbili wakitafuta PF3, ile fomu ya polisi, wakidhani bila hiyo hawatibiwi. PF3 ni ya kesi. Dawa haisubiri kesi. Mwambieni muuguzi mlangoni neno moja tu, "nimebakwa", msianze na habari za mpaka wala pasi, hayo si kazi yetu. Asioge kwanza kama anaweza, nguo aziweke kwenye mfuko wa karatasi au khanga, asiziweke kwenye nailoni.

Nasema "neno moja tu" kama vile ni jepesi. Najua si jepesi.

#13 Mama_Dagaa
Asante nesi. Yule alikaa siku tisa.

#14 Kibogoyo
Mtanisamehe wakuu, uzi huu umekuwa msiba. Beki tatu (dada wa kazi) hapa mjini analipwa elfu sitini, akilipwa. Riali 80 ya Omani ni zaidi ya laki tano. Mnamzuia mtoto wa watu, mna kazi ya kumpa? Kila binti anayepanda ndege mnasema kauzwa. Waliojenga kwa hela ya Omani hamuwahesabu. Mleta mada, mwache mdogo wako akatafute.

#15 Meku_wa_Sanawari
Kibogoyo, mkeo ana beki tatu anayelipwa sh ngapi?

#16 Kibogoyo
Tusiingie nyumbani kwa mtu.

#17 Nimerudi_Kondoa
Huwa nasoma tu humu, leo naandika. Mimi nilipita njia hiyo hiyo. Kibogoyo hajakosea yote, na Bint Ruwi hajakosea.

Nyumba ya Nairobi tuliambiwa siku mbili, tulikaa siku kumi na sita. Tulikuwa kumi na mmoja kwenye vyumba viwili, Watanzania sisi sita, Waganda wanne na msichana mmoja wa Kirundi aliyekuwa hajui hata neno la Kiingereza wala la Kiarabu, anaimba tu usiku kidogo kidogo. Simu walizikusanya siku ya kwanza, "msije mkaibiwa". Tukapimwa afya, waliokutwa na mimba wakarudishwa kwa nauli yao wenyewe, na mmoja hakuwa na nauli. Sijui alifika wapi. Kila siku tuliyokaa tuliambiwa inaandikwa. Chakula kinaandikwa, kitanda kinaandikwa. Pasi nilikabidhiwa uwanjani, mlango wa kuingilia, na karatasi ya maneno ya kujibu nikiulizwa.

Kwa hiyo swali la #1, jibu langu mimi: wanakupitisha Nairobi ili ufike ukiwa na deni na huna wa kumkimbilia. Msichana aliye Dar akighairi anapanda daladala kwenda kwa mjomba. Nairobi utaghairi uende wapi, simu huna, pasi huna?

Nilipofika, miezi mitatu ya mwanzo mshahara ulikwenda ofisini. Nyumba ya kwanza ilikuwa mbaya, sitaeleza. Nikarudishwa ofisini, nikapewa nyumba ya pili, wazee wawili, hapo nilikaa miaka miwili na nusu na nililipwa kila mwezi. Nimejenga vyumba vitatu Kondoa, bati la msauzi. Mtu akiniuliza niende au nisiende huwa nashindwa kumjibu.

Ila kuna jambo moja lililonisaidia. Kabla sijaondoka tulikubaliana na mama: nikipiga simu nikauliza habari za ng'ombe, ajue hali ni mbaya na siwezi kusema. Hatujawahi kuwa na ng'ombe. Ile nyumba ya kwanza nilipoazimwa simu dakika mbili, tajiri kasimama pembeni, nikauliza ng'ombe kazaa? Mama ndiye aliyeanza kusumbua watu mpaka ofisi ikanitoa.

#18 Tochi_ya_Kichwani
Dada, hongera na pole. Lakini mtu aliyejiunga humu juzi anakuja na hadithi inayoishia vyumba vitatu na bati la msauzi. Isije ikawa ndiye yule mama wa Arusha.

#19 Nimerudi_Kondoa
Ningekuwa wakala ningesema nimejenga ghorofa.

#20 Nanga_ya_Mbao
😂 Tochi kazimika.

#21 Wakili_wa_Kata
Nimesoma yote. Kuna mambo mawili yanachanganywa humu, na kuyachanganya kunawaumiza hawa wanawake polisi.

Kuvushwa mpaka kimagendo ni kosa dhidi ya nchi: umelipa, umevushwa, mmeachana. Usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa dhidi ya mtu: kachukuliwa, kasafirishwa au kapokelewa kwa ulaghai, vitisho au kwa kutumia shida yake, ili anyonywe. Tanzania tuna sheria yake ya 2008, Kenya wana ya 2010, na zote zimefuata itifaki ya Umoja wa Mataifa ya Palermo ya 2000. Kwa anayewaza kama Kibogoyo, kwamba mtu kakubali mwenyewe, itifaki inajibu: palipotumika ulaghai, kukubali hakuhesabiki. Na mtu akiwa chini ya miaka 18, si lazima hata ulaghai uwepo.

Shida iko mezani kwa afisa. Msichana akikamatwa porini bila muhuri, swali la kwanza analoulizwa ni "kibali kiko wapi". Ni nadra aanze na "nani kakuleta na amekuahidi nini". Akijibu swali la kwanza keshakuwa mtuhumiwa.

#22 Jirani_wa_Kajiado
Wakili, hapo umegonga penyewe. Nairobi kuna shirika linaitwa HAART, kazi yao ni watu waliosafirishwa namna hii tu, na wana makao ya wasichana. Namba ya Kenya ya ukatili wa kijinsia ni 1195, bure. Mtu anaweza kupiga hata kama ni Mtanzania, anayepokea simu haulizi pasi.

#23 Wakili_wa_Kata
Vizuri. Upande wetu, Dawati la Jinsia na Watoto polisi ndiyo pa kuanzia, ombeni kuzungumza na askari wa kike. Wizara ya Mambo ya Ndani kuna Sekretarieti ya usafirishaji haramu. Kwa aliye chini ya 18 kuna 116. Mwanza kuna WoteSawa wanaosaidia mabinti wa kazi za ndani, na CHODAWU ni chama cha wafanyakazi ambacho wa majumbani wanaruhusiwa kujiunga, ingawa wangapi wanajua? Malalamiko yangu ni kwamba nyumba salama nyingi ziko mijini. Msichana anaokolewa mpakani usiku halafu analazwa kwenye benchi la kituo, kwa sababu pengine pa kumlaza hamna.

#24 Mtu_wa_Kasulu
Msisahau upande wetu. Kina mama wa Kirundi wanavuka Manyovu kuja kulima vibarua, mtoto mgongoni, jembe begani. Mwenye shamba anangoja mavuno yaishe ndipo anakumbuka kwamba hawana vibali. Hakuna ndege hapo wala Nairobi, na hela hawapewi.

#25 Kibogoyo
Hilo la Kasulu nimeliona kwa macho yangu. Ni kweli.

#26 Mhasibu_Mstaafu
Nirudi kwenye hoja yangu ya #4. Nimrhi Kondoa anasema wanapitishwa ili wawe na deni. Mimi nasema deni ni matokeo tu. Mfanyabiashara hawezi kukaa na watu kumi na mmoja siku kumi na sita kwa makusudi, hiyo ni gharama. Alikuwa anangoja viza, au wanunuzi hawajatimia.

#27 Nimerudi_Kondoa
Mzee wangu, shikamoo. Gharama yake ililipwa na nani?

#28 Mhasibu_Mstaafu
Marahaba. Hapo umenipata. (Na jina lako nimelikosea hapo juu, miwani.)

#29 Kitunguu_Singida (mleta mada)
Wakuu, asanteni. Nimempigia, tumegombana saa nzima. Kasema nyie wa mtandaoni hamjui njaa ya Singida. Lakini nimempata kwa jambo moja: kanitumia picha za mkataba. Kurasa mbili. Ya kwanza Kiswahili: "mhudumu wa saluni, riali 120, saa 8 kwa siku, Ijumaa mapumziko". Ya pili ni Kiarabu na kaisaini pia. Bint Ruwi, nimekutumia PM, nimefuta majina.

#30 Meku_wa_Sanawari
Saluni tena. Juzi si ilikuwa kazi tu?

#31 Bint_Ruwi
Nimeisoma, na nimempa na mtoto wa nyumba hii anayesoma chuo aihakikishe.

Karatasi ya Kiarabu haina saluni. Kazi imeandikwa *aamilat manzil*, mfanyakazi wa nyumbani. Mshahara riali 70. Muda miaka miwili. Saa za kazi hazikutajwa, Ijumaa haikutajwa. Na iko sentensi ya chini kwamba akiacha kazi kabla ya muda atalipa gharama za kumleta. Kiasi pameachwa wazi, watajaza wenyewe.

Sasa elewa tofauti. Mfanyakazi wa saluni hapa yumo kwenye sheria ya kazi. Wa nyumbani hayumo, hata ile sheria mpya ya 2023 imemwacha nje. Kwa hiyo si kwamba wamemdanganya jina la kazi tu, wamemtoa chini ya paa. Na tangu 2021 wageni wengi wanaweza kuhama tajiri mkataba ukiisha bila barua ya ruhusa ya tajiri wa zamani, lakini binti ambaye pasi yake iko kabatini kwa mtu atahama vipi?

Mwambie hivi, mwanangu: kazi ya nyumbani si aibu, mimi naifanya. Akitaka kuja aje kwa hiyo kazi, kwa mkataba wa hiyo kazi, upite ubalozini, aruke kutoka Dar au Unguja, mimi nimpokee uwanjani na birika la chai.

#32 Tochi_ya_Kichwani
Bint Ruwi, na hiyo njia iliyonyooka inachukua muda gani? Maana nasikia watu wanasubiri miezi mpaka wanachoka, ndipo wanamtafuta mama wa WhatsApp. Mnasema njia ya panya mbaya, ila geti nalo mnalifunga nusu.

#33 Bint_Ruwi
Inachukua muda. Sitakudanganya.

#34 Mwalimu_Marekebisho
Ndiyo hoja yangu ya #8 hiyo.

#35 Wakili_wa_Kata
Si hoja ya #8, #8 ulisema marufuku. Urasimu ni kitu kingine.

#36 Mwalimu_Marekebisho
Kwa anayesubiri Singida, tofauti yake ni ipi?

#37 Mama_Dagaa
Nyie wasomi endeleeni. Mleta mada, huyo mtoto mwambie apige picha pasi yake na huo mkataba, atume kwa watu watatu, si kwako peke yako. Na namba ya simu aishike kichwani. Simu ikichukuliwa, kichwa hakichukuliwi. Mimi namba ya mume wangu siijui mpaka leo, naijua ya dada yangu.

#38 Kibogoyo
Mumeo asome hapa 😂
Ila mleta mada, nilikuandikia mwache aende. Kwa huo mkataba, hapana. Riali 70 na saluni hewa, hapana.

#39 Kitunguu_Singida (mleta mada)
Nimemtumia tafsiri ya Bint Ruwi. Tiki mbili za bluu, hajajibu. Mama kasema keshafunga begi. Jipya, la zambarau, na lebo yake.

Dereva Noah, Jumatatu gari la kwanza linatoka saa ngapi?

#40 Dereva_Noah
Saa kumi na moja na nusu, ila halitoki mpaka lijae. Mimi niko zamu. Fika saa kumi na moja, njoo mpaka dirishani kwangu, niambie rangi ya begi. Siti moja itakuwa haijajaa mpaka umalize kuongea naye.